Upanga wa Wajapani: Ni Amana au ni Bidhaa?

Katika arusi zetu za pwani, bwana arusi akishavalishwa joho na kilemba hupewa upanga au jambia, akatoka navyo mbele za watu. Hakuna amwogopaye. Kila aliyeko pale ajua kwamba silaha ile haikutolewa kwa ajili ya kumdhuru mtu. Ni heshima ya siku ile, na yamkini ilikwisha kushikwa na baba yake na babu yake kabla yake. Lakini ukiuliza, "Upanga huu ulifuliwa na nani?" watu hutazamana. Jina la mwenye upanga lajulikana. La mhunzi limekwisha potea.

Nchini Japani mambo yamekwenda kinyume cha hivyo. Upanga wa kale ukiletwa mbele ya wajuzi, huutoa mpini wakatazama msuka, yaani ile sehemu ya chuma iingiayo ndani ya mpini, kwani hapo ndipo mhunzi huchonga jina lake, na pengine mji wake na mwaka aliomaliza kazi. Msuka huo haupigwi msasa wala haufutwi kutu, maana kutu yake ni shahidi wa umri wake. Walioumiliki wamekuja na wamekwenda, lakini aliyeufua angali anatajwa.

Panga hizi, ambazo zilizo mashuhuri zaidi huitwa katana, hutafutwa leo na wakusanyaji wa vitu vya thamani tangu Tokyo hadi London na New York. Hununuliwa kwa fedha nyingi, hubishaniwa katika sheria za nchi, na huigizwa viwandani. Na wakati huo huo wahunzi wenyewe wanapungua. Mwaka 1989 chama cha wahunzi wa panga wa Japani kilikuwa na watu wapatao 300. Leo hawafiki 200. Je, yawezekanaje kitu kitamaniwe na dunia nzima, na mwenye kukifanya akose wa kumrithi? Hilo ndilo jambo linalofaa tulipime leo, msomaji.

UKIONA VYAELEA

Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Upanga wa Kijapani wa asili haufuliwi kwa chuma cha dukani. Mwanzo wake ni mchanga mweusi wenye chuma. Huko Okuizumo, katika jimbo la Shimane, kila majira ya baridi huwashwa tanuri la udongo liitwalo tatara. Kwa muda wa siku tatu, usiku na mchana, mafundi hulilisha tanuri hilo mchanga na makaa kwa zamu, na mkuu wao huuangalia moto asiuache. Hutumika mchanga wa chuma kiasi cha tani 10 na makaa kiasi cha tani 12. Kisha tanuri huvunjwa, na ndani yake hutolewa pande moja la chuma la uzito wa tani 2 na nusu hivi. Wala pande lote hilo si jema sawasawa. Sehemu iliyo bora, ambayo Wajapani huiita tamahagane na sisi tungeiita feleji, haifiki nusu yake. Hiyo ndiyo wagawiwayo wahunzi.

Mhunzi huchagua vipande vyake, akavipasha moto, akavipiga vikashikana, akakata katikati, akakunja na kupiga tena. Akikunja mara 13, matabaka ya chuma hupita 8,000. Wako wadhanio kwamba kukunja huko ni mbwembwe tu. La, sivyo. Kila kunjo hutoa takataka na kusawazisha nguvu ya chuma toka ncha hata ncha. Halafu, kwa njia iliyozoeleka zaidi, feleji ngumu hufunikwa juu ya chuma laini, ili upanga uwe na makali makali na moyo usiovunjika.

Kazi iliyo ya hatari ndiyo ya mwisho. Mhunzi huupaka upanga udongo, mwembamba kwenye makali na mnene mgongoni. Hutia kiwanda chake giza, maana rangi ya moto ndiyo kipimo chake, kisha huutumbukiza upanga majini. Makali hupoa ghafula yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole ukabaki mlaini. Kwa tofauti hiyo upanga hujipinda ukawa kitara, na kwenye bapa lake hubaki alama nyeupe iendayo kama wimbi la bahari. Hapo pia ndipo uwezapo kupasuka, na kazi ya siku nyingi ikapotea kwa nukta moja.

Baada ya mhunzi kuna mnoaji, ambaye hukaa siku nyingi akibadilisha jiwe baada ya jiwe. Kuna fundi wa ala, achongaye kwa mti laini usiokwaruza chuma. Kuna na fundi wa vipande vya shaba. Kwa hivyo anayesema amenunua upanga mmoja, kwa hakika amenunua ujuzi wa watu kadhaa, na mmoja wao akikosekana kazi yote husimama.

NUSURA UPOTEE

Ujuzi huu umekwisha kuponea chupuchupu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1876, serikali ya Mfalme Meiji ilipowakataza raia kuvaa panga hadharani. Wanajeshi na polisi waliachiwa, lakini wale samurai, ambao kwa karne nyingi walijulikana kwa panga mbili viunoni, waliamka asubuhi moja wakiwa watu kama watu wengine. Wahunzi walipotewa na soko lao. Wengi waligeukia visu vya jikoni na zana za shamba, wengine wakaiacha kazi kabisa.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1945, Japani iliposhindwa vitani. Hapa hatuna budi kusema kweli yote. Katika vita vile jeshi la Japani liliwavalisha maofisa wake panga kwa maelfu, nyingi zikiwa zimetolewa viwandani kwa mashine, na panga hizo zilikata vichwa vya mateka huko China na kusini mashariki ya Asia. Kwa hivyo majeshi ya Marekani yalipoingia na kuamuru silaha zote zisalimishwe, panga nazo zikiwemo, hapakuwa na sababu ya kustaajabu. Aliyeshinda haoni sanaa. Aona silaha ya adui. Panga zisizo na idadi ziliyeyushwa, nyingine zikatupwa baharini, nyingine zikabebwa na askari kuwa ukumbusho.

Katika zilizopotea, moja yatajwa mpaka leo. Ni upanga uitwao Honjo Masamune, unaonasibishwa na mhunzi Masamune wa nchi ya Sagami aliyeishi kiasi cha miaka 700 iliyopita, ambaye Wajapani humhesabu kuwa bingwa wa mabingwa. Upanga huo ulirithiwa na ukoo wa Tokugawa uliotawala Japani zaidi ya miaka 250, na mwaka 1939 serikali ilikuwa imeutangaza kuwa hazina ya taifa. Amri ilipotoka, mkuu wa ukoo huo hakuuficha. Mwezi wa Desemba 1945 aliusalimisha pamoja na nyingine katika kituo cha polisi cha Mejiro, Tokyo. Januari iliyofuata akaja mtu aliyeandikwa kuwa sajini wa Kimarekani, akazichukua. Toka siku hiyo haukuonekana tena. Yamkini uko ukutani mwa nyumba fulani, na mwenye nyumba hajui ni nini alicho nacho.

Zilizopona ziliponywa na hoja. Wajuzi wa Kijapani, mmojawao Homma Junji, waliwaendea wakubwa wa Kimarekani wakawaeleza kwamba si kila upanga ni silaha ya vita. Ziko zilizo kazi ya sanaa, kama vile picha au kitabu cha kale. Wamarekani wakakubali zenye thamani ya sanaa ziachwe. Katika zile zilizorundikwa kwenye ghala la Akabane, Tokyo, zaidi ya 5,000 zilinusurika, na mwaka 1999 nyingi katika hizo ziligawiwa majumba ya makumbusho ya mikoani.

MALI BILA DAFTARI

Funzo hilo Wajapani hawakulisahau. Mwaka 1948 kiliundwa chama cha kuhifadhi panga za sanaa. Katika miaka ya 1950 wahunzi wakaruhusiwa kuwasha moto tena, na mwaka 1958 ikatungwa sheria ya silaha ambayo mpaka leo ndiyo mwongozo. Chini ya sheria hiyo mtu hawezi kuweka upanga kwa kuwa anaupenda tu. Upanga lazima uandikishwe, na usajili wake haumo mikononi mwa polisi bali mwa halmashauri ya elimu ya jimbo, kwani hutazamwa kama mali ya utamaduni. Urefu wake, tundu za msuka wake na jina lililochongwa hutiwa katika cheti. Na cheti hicho ni cha upanga, si cha mtu. Ukiuzwa mara kumi, mara kumi utakwenda na karatasi yake, na kila mwenyewe mpya atatoa taarifa.

Panga zile za vita, zilizotolewa kwa mashine na kwa chuma cha kiwandani, hazipewi cheti, na kwa hivyo haziruhusiwi kuwekwa nchini humo. Tazameni jambo hilo. Sheria haiulizi kama upanga unakata, zote zinakata. Inauliza, umefanywaje na kwa mkono wa nani?

Kadhalika mwaka 1963 mhunzi Miyairi Akihira alitangazwa na serikali kuwa mwenye kubeba urithi wa taifa, cheo ambacho watu hukiita hazina iliyo hai. Na mwaka 1977, feleji ya zamani ilipokuwa ikiwaishia wahunzi, chama kile kiliwasha tena tanuri la Shimane ambalo tumelitaja hapo juu. Hazina ya chuma ikalindwa kwa daftari, na hazina ya mikono ikalindwa kwa kazi.

MKUSANYAJI WA AINA MBILI

Sasa tumtazame huyu mkusanyaji, ambaye kwa fedha zake aweza kujenga na aweza kubomoa.

Yuko wa kusifiwa. Walter Compton, tajiri wa dawa wa Kimarekani aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa panga, alinunua nchini kwao upanga wa mhunzi Kunimune. Alipochunguza akatambua kuwa ni hazina ya taifa iliyokuwa mali ya hekalu la Terukuni, Kagoshima, ikapotea baada ya vita. Katika miaka ya 1960 aliurudisha kwa wenyewe bila kudai fidia. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemjua. Huyo alifahamu kwamba kukusanya si kumiliki tu. Ni kushika amana.

Wako na wakusanyaji wasio matajiri. Upanga uitwao Hotarumaru, wa hekalu la Aso katika Kumamoto, ulipotea vilevile baada ya vita. Hadithi yake ni kwamba vimulimuli waliutua usiku wakayaziba mapengo ya makali yake. Mwaka 2015 wahunzi walitangaza kwamba wataka kufua mfano wake, wakaomba umma uwachangie. Walitumaini kupata yen milioni tano na kitu. Wakapata zaidi ya yen milioni 40. Wengi wa waliochanga walikuwa vijana, na wasichana hawakuwa wachache, ambao habari za panga walizijua kupitia mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka huo huo. Mwaka 2017 upanga mpya ulipelekwa Aso. Wazee huenda wakacheka kwamba mchezo wa watoto ndio ulioleta fedha. Wacheke, lakini moto uliwashwa.

Na mwaka 2020 mji mdogo wa Setouchi, wa watu wasiofika 40,000, ulinunua kwa yen milioni 500 upanga uitwao Sanchomo, hazina ya taifa ya karne ya 13 ambayo zamani ilikuwa ya jemadari Uesugi Kenshin. Mji wa Joetsu, uliko kwao jemadari huyo, ulitaka kuununua kabla yake wakashindwana bei. Setouchi hawakuwa na fedha hizo hazinani. Walizichangisha kutoka kwa watu wa nchi nzima. Hoja yao ilikuwa moja: ndani ya mji wao mna Osafune, mahali palipokuwa na wahunzi wa nchi ya Bizen waliofua panga nyingi kuliko mahali pengine popote Japani, na upanga ule ulifuliwa katika nchi hiyo hiyo. Upanga ukarudi kwao. Wako waliouliza kama fedha hizo hazingefaa zaidi katika shule na barabara, na swali hilo si la upuuzi. Lakini upanga uliokuwa wa mtu mmoja sasa ni wa mji, na mtoto wa mhunzi aweza kuuona.

Aina ya pili ya mkusanyaji ni yule atazamaye bei tu. Mwaka 2024 fedha ya Japani ilianguka hata dola moja ikapita yen 160, na mwenye dola akaona kila kitu cha Kijapani ni rahisi. Ni kweli kwamba hazina za taifa haziruhusiwi kutoka, na kwamba kila upanga wa kale au mpya wahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Lakini chini ya hazina za taifa kuna panga nyingi nyingine njema, na hizo zaweza kwenda.

KWA NINI WAHUNZI WAPUNGUA?

Turudi katika swali letu. Kijana atakaye kuwa mhunzi wa panga sharti akae kwa bwana wake muda usiopungua miaka mitano, na aghalabu hapati mshahara. Kisha apite mtihani wa idara ya utamaduni ya serikali. Akipita, sheria yamruhusu kufua panga ndefu mbili tu kwa mwezi. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzuia kazi ya haraka haraka, na imezuia. Lakini pia maana yake ni kwamba mhunzi hawezi kufidia bei ndogo kwa kuuza nyingi. Upanga wake mpya, baada ya kuwalipa mnoaji na mafundi wengine, huanzia aghalabu kama yen milioni moja na kupanda. Na hapo hapo dukani pana upanga wa miaka 200 au 300, wa mhunzi asiye na jina kubwa, ambao pengine wauzwa kwa bei ndogo kuliko huo. Mkusanyaji ataununua upi? Wengi hununua wa kale. Basi mhunzi aliye hai anashindana sokoni na babu zake waliokufa, na babu zake hawali.

Upande wa pili anashindana na waigaji. Viwanda, hasa vya Longquan nchini China, mji ambao nao una historia yake ndefu ya panga, hutoa katana za kila bei kwa soko la nje. Si haki kusema zote ni takataka. Lakini nyingi huuzwa kwa maneno ya mhunzi pasipo kazi ya mhunzi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi chajitembeza mpaka ndani ya simu ya mnunuzi.

Na huko ndiko ulikotoka msiba mwingine. Nchini Uingereza panga za bei rahisi zilipoanza kutumiwa na wahalifu, serikali ilipiga marufuku mwaka 2008 uuzaji wa vitara vya urefu wa sentimita 50 na zaidi. Wakusanyaji walilalamika, na sheria ikaachia nafasi: upanga uliofanywa kabla ya 1954, au uliofuliwa kwa mkono kwa njia za asili, haumo katika marufuku. Mwezi wa Agosti 2025 ikaongezwa marufuku juu ya panga zilizonyooka ziitwazo za "ninja", baada ya kijana wa miaka 16 kuuawa kwa upanga wa namna hiyo mwaka 2022.

Mtu aweza kusema: damu ya watoto inamwagika, nasi twalilia wahunzi? Neno hilo ni zito, na halijibiwi kwa kusifu sanaa. Jibu lake ni kwamba upanga wa mhunzi na upanga wa kiwandani havina njia moja. Ule una cheti, una jina, una bei ya kumfanya mnunuzi afikiri, na ulichukua miezi kumalizika. Huu hauna jina wala mwenyewe, na hufika mlangoni kwa siku chache. Sheria ya Japani na ya Uingereza, kila moja kwa njia yake, zimefikia mahali pamoja: kinachoutenga upanga wa amana na upanga wa uovu ni kujulikana kwake.

Nasi Waislamu jambo hili lisitupite kama geni. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala juu ya panga na aina zake kwa ajili ya Khalifa al-Mu'tasim, akizipambanua kwa chuma chao na kwa nchi zilikofuliwa. Na al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha pwani hii yetu kilipelekwa Bara Hindi, ambako panga zake zilisifika duniani. Wale walijua kwamba kuupenda upanga bila kujua umetoka wapi ni kupenda kivuli.

Kwa hivyo, ni amana au ni bidhaa? Ni vyote viwili, na hapana budi uwe vyote viwili. Usipouzwa, mhunzi hufa njaa. Ukiuzwa tu kama bidhaa, kesho hapatakuwa na mhunzi. Panga za kale za Japani zina vyeti, majumba ya makumbusho na sheria; hizo hatuziogopei. Tunaowaogopea ni wale wasiofika 200 walio mbele ya moto leo. Mkusanyaji atakaye kutenda wema asitosheke na kununua kilichobaki cha marehemu. Na aagize upanga mmoja kwa aliye hai, amlipe haki yake, na angoje mpaka umalizike.